Kutoka Luberizi hadi Idjwi, safari fupi yenye kamba nyingi

Jioni, joto la uwanda likianza kupungua na jua likishuka nyuma ya milima, vijana wa Luberizi hukaa kando ya barabara ya taifa namba 5 wakipitishana simu. Picha za visiwa vya Karibi ndizo zinazosimamisha vidole. Mji mdogo wa Port Antonio, Jamaika: maji ya samawati, mashua zimefungwa chini ya minazi, mzee amelala ndani ya wavu uliotundikwa kati ya miti miwili, saa nne ya asubuhi, kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Swali la kwanza huwa ni viza. Dola ngapi? Inaombwa wapi? Swali lisilotoka mdomoni mwa mtu ni nauli ya kwenda Idjwi.

Na Idjwi ipo. Ni kisiwa cha kama kilomita za mraba 300 katikati ya ziwa Kivu, kikubwa kuliko visiwa vyote vya maziwa ya Afrika isipokuwa Ukerewe ya Tanzania. Kina watu zaidi ya 250,000, sultani wawili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, nanasi zinazofahamika mpaka sokoni Bukavu, kahawa, migomba inayoshuka hadi majini. Ziwa lenyewe liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake si ya Luberizi ambako mtu hulala milango wazi kwa joto. Ziwa Kivu halina mamba wala viboko. Mama wa Uvira aliyezoea kuwaita watoto watoke majini kabla ya giza atashangaa kuona watoto wa Idjwi wakioga bila mtu kuwaangalia.

Kuna jambo jingine. Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya 1998, vilivipitia vijiji vya Kivu kimoja baada ya kingine, lakini Idjwi kwa sehemu kubwa ilibaki pembeni. Haikubaki tajiri. Barabara zake ni za udongo, wagonjwa wengi huvushwa kwa mtumbwi, na wakimbizi wa Rwanda waliofika mwaka 1994 walikuta na kuacha miti michache kuliko ile iliyokuwapo. Ila ule utulivu ambao watu wa nje huufuata Karibi kwa kupanda ndege mbili, Idjwi inao. Watu husalimiana njiani bila haraka, magari ni machache sana, na usiku sauti kubwa ni ya wavuvi.

Kwa nini basi mtu wa Luberizi anaiota Jamaika na haioti Idjwi? Jibu la haraka ni kwamba kijana hudharau cha kwao. Jibu hilo linasemwa sana na wazee, na linawaonea vijana. Kijana anajua kuhesabu.

Chukua mwalimu wa Luberizi anayetaka kumpeleka mke wake Idjwi siku tatu za vakansi ya Pasaka. Anatoka kwake, anapita Luvungi, anafika Kamanyola. Hapo njia inakatika mara mbili. Ya kwanza ni kupanda Ngomo, ule ukuta wa mlima ambako lori likiharibika kwenye kona, waliobaki nyuma wanapika hapo hapo. Ya pili ni kuvuka mpaka, kupita Bugarama na nchi ya Rwanda, halafu kuingia tena Kongo upande wa Bukavu. Kwa miaka na miaka wasafiri wengi wa Uvira na Bukavu wamechagua hiyo ya pili, karatasi ya CEPGL mkononi. Yaani raia anatoka jimbo la Kivu ya Kusini kwenda makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kusini, na anapigiwa muhuri na nchi nyingine. Watu wamezoea hata hawacheki tena.

Akichagua kubaki ndani ya nchi yake, anakutana na kamba. Kamba ya askari, kamba ya usultani, kamba ya ushuru wa barabara isiyoonekana ikitengenezwa, kamba ya vijana wenye silaha wanaosema wanalinda. Pesa ya sukari hapa, pesa ya maji pale. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji na wenzao walihesabu vizuizi vya namna hiyo katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, wakafikisha 798. Walioshika kamba wamebadilika mara nyingi tangu hapo. Kamba zenyewe hazijaondoka. Mwalimu akifika Bukavu, pesa ya kulala Idjwi imekwisha, na bado hajapanda boti.

Boti nayo ni hesabu nyingine, na hii si ya franka. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiangalia kutoka nchi kavu. Makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, kwa sababu barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita na kila mtu alikuwa amekimbilia majini. Hakuna mtu wa Kivu anayehitaji kuelezwa kwamba ajali hiyo haikuwa ya kwanza. Abiria hupandishwa bila orodha kamili, jile za kuelea zikiwepo zinafungiwa mahali ambapo hata mwenye boti hakumbuki, na mizigo ndiyo inayopimwa nauli kwa makini kuliko watu. Mtu anayependa watoto wake anafikiri mara mbili.

Kwa hiyo anayesema Idjwi haina watalii kwa sababu haijatangazwa anakosea mahali pa kutazama. Hata ikitangazwa Paris, kamba haitasoma tangazo.

Inatosha kutazama ng'ambo ya maji yale yale. Upande wa Rwanda, kuanzia Rubavu hadi Rusizi, kuna njia ya kutembea kwa mguu na baiskeli yenye kilomita 227 inayofuata ukingo wa ziwa, na wageni huipita. Karongi, mji uliokuwa ukiitwa Kibuye, wageni hupelekwa jioni kuangalia wavuvi wa sambaza wakitoka na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa mbele, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Wavuvi wa Idjwi wanavua vilevile. Mtumbwi ni ule ule, wimbo ni ndugu wa wimbo ule, samaki ni yule yule. Tena sambaza hakuwa wa ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni ukoo wa ndakala wanaoanikwa mchangani Uvira. Mtu wa uwanda akila sambaza Bukavu anakula mtoto wa ziwa lake mwenyewe aliyehamia juu. Kwenye ukingo mmoja kazi ya mvuvi inaleta mgeni na kitanda cha kulala mgeni. Kwenye ukingo wa pili inaleta karatasi ya ushuru.

Tofauti hapo haikuumbwa na Mungu. Wengine watasema ni siasa, na ni kweli, ugomvi wa nchi hizi mbili umemwaga damu nyingi na hakuna anayeweza kuandika juu ya ziwa hili kana kwamba ni bwawa la kuogelea. Lakini Rwanda haikumzuia mtu yeyote kuweka bei ya boti ubaoni pale bandarini Bukavu.

Port Antonio yenyewe, ile ya kwenye simu, ina somo ambalo picha haionyeshi. Mji huo ulikuwa wa ndizi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 meli zilijaa ndizi pale, na wakulima wa milimani waliziteremsha kwa mto Rio Grande juu ya vyelezo vya mianzi, virefu na vyembamba, mtu mmoja amesimama mbele na mti mkononi. Biashara ya ndizi ilipolegea, vyelezo vilibaki. Mwigizaji wa sinema Errol Flynn, aliyefika huko miaka ya 1940, akavipenda na kuwaleta marafiki zake wavipande kwa starehe. Leo mgeni hulipa kukaa juu ya chelezo kile kile kilichobeba ndizi, na anayekiongoza ni mtu wa mto ule, mwenye kibali. Hawakujenga kitu kipya kwanza. Walianza na kazi waliyoijua.

Idjwi inayo kazi kama hiyo, na ina kumbukumbu yake chungu. Kwa miaka mingi kahawa ya kisiwa ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda, kwa sababu bei ya huko ilikuwa afadhali na huku mnunuzi alikuwa mmoja au hakuna. Wanaume wengine hawakurudi. Ziwa linapochafuka usiku halimsikilizi mtu mwenye magunia. Vyama vya ushirika vilivyokuja baadaye, vyenye vituo vya kuoshea kahawa hapo hapo kisiwani, vimepunguza safari hizo. Mgeni akipelekwa kuona kahawa ikioshwa na mjane wa mmoja wa wale akaeleza mwenyewe, kwa malipo yake mwenyewe, hicho ni kitu ambacho hakuna hoteli ya Karibi inayoweza kukiuza. Lakini hapo kuna hatari ya kuufanya msiba kuwa tamasha, na anayepaswa kuamua ni yule mjane, sio ofisi ya utalii.

Sasa kuna watakaokasirika. Utalii gani, watasema, na watu wanalala chini ya hema? Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na Desemba ya mwaka huo huo vita vikateremka uwandani. Luvungi, Luberizi, Sange, hadi Uvira. Familia zikavuka Ruzizi kwenda Burundi na magodoro kichwani. Luberizi haikuwa ikisikia mambo haya redioni, ilikuwa njiani. Na kabla ya hapo uwanda ulishakuwa na makaburi yake: Sange, ambako Julai 2010 lori la mafuta liliwaka na kuua watu zaidi ya 230, na Mutarule, jirani kabisa na Luberizi, ambako Juni 2014 watu waliuawa usiku, wengine wakiwa kwenye maombi. Kuongea juu ya vakansi mbele ya watu hao kunaweza kusikika kama matusi.

Hasira hiyo ni ya haki. Ila inasahau kitu kimoja, kwamba wengine wameshaanza kuongea utalii wa Kivu bila kuwasubiri wenye Kivu. Tarehe 4 Desemba 2025, mbele ya rais wa Marekani, marais wa Kongo na Rwanda walikutana Washington kwa mikataba yao, na mmoja wake ni mpango wa ushirikiano wa uchumi. Ndani yake kuna umeme, barabara, madini, na pia hifadhi za taifa na utalii. Haikupita wiki moja, Uvira ilikuwa imetekwa. Wino ulikuwa haujakauka na wakaaji wa Luberizi walikuwa kwenye maji ya Ruzizi. Siku utulivu ukirudi, karatasi hiyo itafunguliwa tena na watu wenye ramani, nao watauliza ukingo upi wa Idjwi unafaa kwa hoteli. Mwenye kunyamaza leo kwa heshima ya msiba atakuta kesho ukingo umekwisha gawanywa.

Na hili halijabuniwa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa miaka ya hapo mbele, Wambuti waliotolewa msituni hawakupewa ardhi ya kutosha kuishi, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Wageni walilipa kuona sokwe, waliokuwa wakiishi na sokwe wakawa wezi wa kuni. Idjwi nayo ina Wambuti wake, na wengi wao hadi leo hawana shamba. Kisiwa kimejaa watu. Hakuna ukingo usio na mtu wa kuuita wake. Jamaika yenyewe inajuta upande huu: sheria ya fukwe ya mwaka 1956, iliyoachwa na wakoloni Waingereza, haikumpa raia haki ya jumla ya kuingia baharini, na Wajamaika wengi sasa wanapigana mahakamani kuomba njia ya kufika kwenye maji waliyozaliwa kando yake. Ile picha ya mzee ndani ya wavu, mara nyingi nyuma yake kuna ukuta ambao simu haikuuchukua.

Ndiyo maana mgeni wa kwanza wa Idjwi anafaa awe yule mwalimu wa Luberizi. Sio Mbelgiji, sio Mmarekani. Hao watakuja wakitaka. Mwalimu hahitaji hoteli ya nyota. Anahitaji chumba safi kwa mama fulani, chandarua, sambaza na bugali, chupa ya kasiksi kama anakunywa, na mtu wa kumpeleka akaone nanasi. Pesa yake ni ndogo lakini haipiti mikono ya wakubwa. Inaingia kwenye nyumba aliyolala. Kwaya za makanisa husafiri kila mwaka kwa sherehe. Shule humaliza mwaka na pikiniki. Maarusi hutafuta mahali pa kwenda. Soko hilo lipo tayari, linaongea Kiswahili, na halitakimbia kwa sababu ubalozi fulani umetoa onyo.

Kisha safari igeuke. Mtoto wa Idjwi hajawahi kuona uwanda ulionyooka hadi macho yachoke. Hajaona mpunga ukiwa umesimama majini, makundi ya ng'ombe yakivuka barabara kama yenyewe ndiyo yaliyoijenga, wala maembe yakiwa mengi kiasi cha kupewa bure jirani. Kwao maji ni ziwa; hajaona jinsi maji ya ziwa lake yanavyotoka Bukavu yakiwa mto, yanavyoanguka karibu mita 700, yakapita mabwawa ya umeme, yakapoa kidogo mbele ya Luberizi na kumalizikia Tanganyika, ambako viboko wa mdomo wa Ruzizi hutoka usiku kula majani na mara nyingine kutembea mitaani Uvira kama askari wa doria. Kamanyola, daraja ambalo vita vyake vya 1964 vilimpa Mobutu jina na kuipa divisheni ya jeshi na uwanja wa mpira jina, watoto wa shule wanalisoma kitabuni na hawajawahi kulikanyaga. Wale mama wa Luberizi wanaokimbilia dirisha la gari na beseni ya matunda wangekuwa na mteja anayeshuka, anayekaa, anayeuliza bei ya chakula na sio ya embe moja. Leo mteja wao ni yule aliyepunguza mwendo kwa sababu ya kamba. Kamba ikifunga barabara nzima, hata huyo hayupo.

Hayo yote hayahitaji mfadhili kwanza. Yanahitaji orodha ya abiria iandikwe kabla ya boti kufunguliwa, na boti isiyo na jile za kutosha ibaki imefungwa bandarini, hata kama mwenye nayo ni mkubwa. Yanahitaji kamba kati ya Uvira na Bukavu zihesabiwe tena hadharani, na kila moja iwe na jina la aliyeiweka na risiti ya anachochukua. Isiyo na risiti ikatwe. Ngomo itengenezwe kwa pesa zile zile ambazo zimekuwa zikikusanywa kwa jina lake. Na kwenye mazungumzo ya hifadhi na utalii yanayoandikwa mbali, wakae watu wa Rubenga na wa Ntambuka, wakae Wambuti wa kisiwa, wakae na watu wa uwanda, kabla mwenye ramani hajafungua kalamu.

Mengine ni madogo na yanaweza kuanza na shule moja. Shule ya Luberizi na shule ya Bugarula, upande wa kaskazini wa Idjwi, zibadilishane darasa moja kwa siku nne. Watoto thelathini, walimu wawili, wazazi wawili. Wa uwanda wapande boti mchana, jile vifuani, bei ikiwa imeandikwa ubaoni kabla hawajafika, na wa kisiwa wateremke Kamanyola bila kutoa shilingi ya nchi nyingine mfukoni. Wakirudi, wale wanaopitishana simu jioni kando ya barabara watakuwa na picha walizopiga wenyewe.